Mshono wa Miguuni

Mama mkwe wangu alilala juu ya gari langu wiki sita. Sisemi ndani ya gari. Nasema juu yake, kwenye hema nililolishona kwa mikono yangu na kulifunga juu ya pikapu kuukuu tuliyokuwa tukiiegesha nje ya ploti yetu kule Dandora. Watu wakinisikia nikieleza hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke. Kisa chenyewe kinachekesha mpaka mtu aulize ilikuwaje mgonjwa akapandishwa huko.

Nilikuwa fundi wa turubai. Nilikuwa na kibanda Gikomba na mashine nzito ya kukanyaga kwa mguu, nikishona vifuniko vya malori na mapazia ya vibanda vya sokoni. Nyumbani tulipanga chumba kimoja, mimi, mke wangu na watoto wawili, kwenye ploti ya vyumba vinane vilivyozunguka uwanja mdogo wenye bomba moja la maji. Pazia ndilo lililotenganisha kitanda na meza. Humo ndimo barua ilimotukuta, mwanzoni mwa mvua za masika, kwamba mama mkwe ana kidonda mguuni kisichopona. Hospitali ya kule kwao ilikuwa imemwandikia aje hospitali kuu ya Nairobi, awe akisafishwa kidonda kila baada ya siku moja. Kidonda kilitakiwa kikae kikavu. Kisipokauka, mguu ungekatwa chini ya goti.

Kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Akija kwako kunywa chai huketi karibu na mlango, nawe humtazami usoni, husogei mahali anapolala, wala hugusi matandiko yake. Si mimi niliyeitunga desturi hiyo. Isitoshe, watu wa mtaani walikuwa wamekwisha kupata njia ya kuizunguka. Mwanamume huenda kulala kwa rafiki, chumba kikaitwa cha binti kwa siku hizo, mama akalala, na hakuna aliyelalamika. Hata sisi tulikuwa na njia rahisi zaidi. Kwenye mlango uliotuelekea alikaa mjane mmoja Mwislamu aliyeuza viungo, na chumbani mwake kulikuwa na kitanda kitupu tangu binti yake aolewe. Aliposikia habari za barua alivuka uwanja mwenyewe, akasimama mlangoni kwetu.

"Fundi, mleteni mama kwangu. Tutakuwa wazee wawili, tutapiga soga."

Nilimshukuru, nikamwambia mama mkwe wangu si wa kuhifadhiwa na majirani, kwamba nitamjengea mahali pake. Mjane alinitazama kidogo akarudi kwake. Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Alingoja mpaka mlango wa mjane ufungwe.

"Utamjengea wapi, baba watoto? Uwanja wote ni kamba za nguo."

"Juu ya gari."

Alidhani natania, akacheka. Kisha akaniangalia vizuri na kuona sicheki.

Sasa niseme chuki yangu ilitoka wapi. Siku nilipopeleka posa kwao, wazee walipokuwa wakizungumza ndani, wanawake walikuwa jikoni, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa fito. Nilimsikia mama yule kwa masikio yangu akiwaambia wenzake, "Binti yangu anaolewa na mshona maturubai. Basi ataishi chini ya turubai kama shehena ya viazi." Wakacheka wote. Hata mimi sasa nikilikumbuka naona lilikuwa neno la kuchekesha. Lakini wakati ule nilikuwa nimevaa suti ya kuazima, na niliketi kimya na kicheko kile kikinipita mgongoni. Nilikaa nalo miaka saba. Nilipofunga lori turubai nililikumbuka, nilipokula nililikumbuka. Barua ilipokuja, mke wangu alilia kwa sababu ya mguu wa mama yake, nami nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi. Nilijisemea kwamba sasa shehena ya viazi ni yeye.

Basi nikaanza kazi, na sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile. Kwa fundi wa kuchomelea nilitengenezewa fremu ya vyuma, miguu minne iliyosimama kwenye kingo za pikapu na kupita juu ya paa la dereva. Sakafu niliipiga kwa mbao za makasha ya chai. Matao yalikuwa mabomba ya nyaya za umeme, niliyoyapinda polepole kwa kuyazungusha kwenye nguzo ya stima, huku wapita njia wakinishauri bila kuombwa. Nyuma nikaweka ngazi ya vipago saba. Turubai lilikuwa la kijani, masalio ya kifuniko cha lori, gumu na zuri.

Asiyejua kazi hii hudhani turubai huvuja kwenye kitambaa. Turubai zuri halivuji kwenye kitambaa. Huvuja kwenye mshono, kwa sababu kila sindano ilipopita imeacha tundu. Ndiyo maana fundi anayejiheshimu hukunja mshono mara mbili, akaupiga nyuzi mistari miwili, kisha akaupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mishumaa, na kuupitishia pasi ya makaa mpaka nta iingie kwenye kila tundu. Kazi ya kuyeyusha nta ilikuwa ya mke wangu. Alikuwa anajua kipimo chake kuliko mimi, na alikuwa akiimwaga katika kopo la maziwa ili igande vipande vya kuchukulia Gikomba. Alinipa vipande vitatu kwa ajili ya hema la mama yake.

Nilitumia viwili. Masalio yangu ya turubai hayakutosha urefu wa mtu, kwa hiyo upande wa nyuma, karibu na ngazi, niliunga kipande kingine. Mshono ule ulipita juu kabisa, mahali ambapo miguu ya mtu aliyelala ingekuwa, maana mto niliupanga mbele, juu ya kichwa cha dereva. Mishono mingine yote niliipaka nta kama ya mfalme. Ule wa miguuni sikuupaka. Niliukunja, nikaushona vizuri kwa macho, nikaupitishia pasi ukiwa mkavu. Kipande cha tatu cha nta nilikisukuma chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la vyombo.

Nisijifiche nyuma ya maneno. Nilijua habari za kidonda, na nilijua kinatakiwa kiwe kikavu. Sikutaka akatwe mguu, hilo naapa. Nilichotaka ni mvua mbili tatu zimdondokee, anung'unike mbele ya watu, anililie, nami nimjibu kwa upole kwamba mama, hivi ndivyo tunavyoishi sisi wa chini ya turubai. Kisha arudi kwao. Habari za mguu nilizisukuma mbali, kama kile kipande cha nta.

Alikuja Ijumaa. Alikuwa amekonda, na alitembea kwa fimbo, mguu wa kushoto umezungushiwa bendeji mpaka gotini. Nilisimama mbali, nikaangalia ardhi na kumsemesha kwa wingi, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo mama. Karibuni. Chumba chenu kile pale."

Aliinua macho akalitazama hema muda mrefu. Mtaa mzima ulikuwa umetoka. Vijana waliokuwa wameegemea ukuta wa duka walianza.

"Niaje fundi! Umejengea mathe ghorofa?"

"Hiyo si ghorofa, hiyo ni kiota! Mathe atataga mayai!"

Kila mtu alicheka, na nikaona nimelipwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa kupanda. Giza lilikuwa bado, na ikawa ndiyo desturi yake kila siku kupanda kabla jua halijazama, kwa kuwa gizani asingeweza. Alimpa mke wangu fimbo, akashika ngazi kwa mikono miwili, akaweka mguu mzima kwenye kipago na kuuvuta ule mbovu nyuma yake. Mke wangu alimsukuma kutoka chini, uso umemgeuka rangi. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, maana haifai mkwe kuangalia, lakini nilihesabu vipago kwa pumzi zake. Kwenye cha tano alisimama kwa muda mrefu. Watoto walikuwa wamekusanyika chini midomo wazi.

"Mnatazama nini, wajukuu?" nikamsikia akisema. "Hamjaona mtu anaenda kulala?"

Watoto wakacheka, lakini safari hii walicheka naye, hawakumcheka. Nilichukia.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatatu, kuanzia alfajiri mpaka wakati wa chai ya asubuhi. Nilikunywa chai yangu nikiwa nimesimama mlangoni, nikisikiliza maji yanavyopiga turubai, nikijua hasa yanaingilia wapi. Mvua ilipokatika alishuka, mgongo mbele, polepole. Bendeji ilikuwa nyeupe na kavu.

"Mmeamkaje, mama? Hema lilikuwaje?"

"Salama, baba. Nyumba nzuri hii. Nimelala kama mtoto."

Nilidhani mvua haikutosha. Jumatano ilinyesha ya mawe. Akashuka, bendeji kavu. "Nyumba nzuri, baba." Juma lililofuata ilinyesha siku nne mfululizo, mtaa ukawa tope mpaka magotini, na kila asubuhi nilipata jibu lile lile. Nilianza kukasirika. Nilijiuliza kama mshono umejiziba wenyewe kwa vumbi, au kama mkono wangu umezoea kazi nzuri kiasi kwamba hata nikitaka kuharibu siwezi. Utanicheka, lakini kuna siku nilijisifu kwa hilo.

Ningepanda nikaangalie. Lakini ningepandaje? Pale palikuwa mahali anapolala mama mkwe. Desturi niliyoifanya kizuizi kwake ilinizuia mimi pia, na mbele ya mtaa mzima nisingeweza kutia mguu kwenye kipago cha kwanza. Kwa wiki sita niliendesha gari lile nikiwa na nyumba yake kichwani pangu, nikimpeleka hospitali na kumrudisha, yeye na binti yake wakiketi nyuma kwenye benchi, na sikujua kinachoendelea kwenye hema langu mwenyewe.

Kuna jambo moja tu nililoliona, na sikulielewa. Kila mvua iliponyesha, kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba ya mjane asubuhi ile. Nilimwambia mke wangu, kwa dhihaka, kwamba mama yake ni msafi sana, anafua kitambaa kila siku ya mvua. Alichukua ndoo akaenda bombani. Wakati huo pia mama alikuwa ameanza kukohoa, kikohozi kidogo cha asubuhi. Mjane alikuwa akimpelekea chai ya tangawizi mpaka kwenye ngazi, akinipita bila salamu.

Mwisho wa wiki ya sita muuguzi alimfungua bendeji, akambonyeza huku na huku, akamwita mke wangu aone. Ngozi ilikuwa imefunika. Mke wangu alitoka mbio mpaka nilipoegesha gari, akanieleza huku akilia kwamba mguu umepona, kwamba muuguzi amesema nyinyi mmemtunza, wengine wanaokaa mitaa ya huku hurudi vidonda vimelowa. Nilijibu Mungu ni mwema. Siku ya pili yake tukampandisha basi la kwenda kwao. Kabla ya kuingia alisimama, uso ameuelekeza pembeni kwa heshima, akaniambia, "Asante kwa nyumba, baba." Kisha akakohoa na mkono mdomoni, akaingia.

Jioni ile nilipanda ngazi.

Godoro upande wa mbele, nilikokusudia kichwa, lilikuwa kavu kabisa, na lilikuwa na bonde dogo la visigino. Mto haukuwa huko. Mto ulikuwa huku mlangoni, chini ya mshono, na ulikuwa umejaa madoa ya maji ya rangi ya chai, duara ndani ya duara. Kando yake palikuwa na bakuli la bati la mjane. Kutoka kwenye mshono ulining'inia uzi mrefu, mwisho wake umeingia bakulini. Nyumba za nyasi zikivuja, wanawake wa kwetu hufanya hivyo, hufunga uzi pale tone linapodondoka ili maji yateremke kimya. Lakini mshono ulivuja upana wote, na uzi ulikuwa mmoja. Yaliyobaki aliyapokea kichwani.

Alikuwa amejigeuza. Usiku wa kwanza wa mvua, au hata kabla, alikuwa ameweka mguu mahali pakavu na kichwa mahali pa maji, na akalala hivyo wiki sita.

Niliposhuka mke wangu alikuwa amesimama chini ya ngazi. Nilianza kusema kitu kuhusu turubai kuukuu. Alinikatiza, bila kupaza sauti.

"Nilitaka kukwambia siku ile ya kwanza, uurekebishe. Mama akanikataza. Aliniambia, 'Niliidharau kazi yake mara moja, siku ya posa, na nadhani alinisikia. Sitaidharau mara ya pili. Fundi akiambiwa mbele ya watu kwamba hema lake linavuja, nani atampa kazi?' Akaniapisha. Mimi nikafikiri ni bahati mbaya, kila fundi hukosea."

Akafungua mkono. Ndani yake kulikuwa na kipande cha tatu cha nta, duara kamili la kopo la maziwa, na vumbi la chini ya kitanda juu yake.

"Nimefagia leo," akasema.

Akakiweka kwenye kipago cha ngazi, akaingia ndani kuwapakulia watoto. Sikumfuata. Kesho yake niliwasha jiko mwenyewe, nikaiyeyusha nta mwenyewe, nikaikoroga vibaya ikaungua kidogo, nikapaka ule mshono mara mbili na kuupiga pasi mpaka ukang'aa. Sijui nilikuwa namfanyia nani. Hema nililiacha juu ya gari. Kulishusha kungekuwa na maana ya kueleza.

Kikohozi hakikumwacha. Miezi sita baadaye walimpeleka hospitali ya kule kwao na mapafu yamejaa, na hakutoka. Sisemi ni maji yangu yaliyomuua. Sisemi siyo. Daktari hakuulizwa, na mimi ndiye ningemuuliza.

Tulikwenda mazishini na pikapu ile ile. Kwetu mkwe hasogelei jeneza la mama mkwe wake, kwa hiyo nilisimama na wakwe wengine karibu na ua, mikono nyuma. Jeneza lilikuwa uwanjani kwenye meza mbili, na mawingu yalikuwa yameshuka. Mara shemeji yangu mkubwa akaja kwangu akiharakisha.

"Shemeji, lile hema la juu ya gari. Tulishushe tumfunike mama, mvua hiyo inakuja. Alikuwa hakomi kulisifu. Kila mgeni aliyefika hapa alimwambia, mkwe wangu alinishonea nyumba isiyopitisha hata tone."

Vijana walilifungua kabla sijajibu. Wakalisimamisha kwa matao yake juu ya jeneza, na likaenea sawasawa, kwa kuwa nilikuwa nimelipima kwa urefu wa mtu mmoja aliyelala. Mvua ikaanguka kwa nguvu. Mzee mmoja mwenye lori alisogea karibu yangu, akaniuliza kama naweza kumshonea kifuniko kama kile. Watu waliokuwa chini ya miti na kwenye baraza walilitazama turubai la kijani, wakatikisa vichwa kwa kusifu, wengine wakinigeukia na kunionyesha kidole gumba. Mke wangu alikuwa ameketi chini kando ya jeneza, upande wa miguuni, mvua ikimlowesha mabega. Hakuwa akilia. Alikuwa amelitazama turubai, pale juu kwenye mshono, akingoja.

Ilinyesha karibu saa nzima. Halikuvuja.